Faili Lililoondolewa kwa Hiari

Buterere, Jumatano, 8 Januari 2025

Mdogo wangu Atumani,

Pokea salamu, wewe na Soumaya mkeo na watoto. Huku tuko wazima, mimi na mashine yangu ya nakshi, maana tangu mume wangu atangulie mbele ya haki ndio wawili tuliobaki ndani ya nyumba hii. Usishangae kupata karatasi. Simu yangu naichaji kwenye kibanda cha Bahizire, na Bahizire akikuchajia simu anakusomea na ujumbe. Nawe ulishanikataza kukuuliza mambo ya ofisi yako kwenye simu. Basi Seifu, yule anayepandisha vipuri vya magari huko Gitega kila Alhamisi, amekubali kuwa posta yetu.

Nina neno la furaha na neno la usumbufu. La furaha ni kwamba nimenunua paneli za sola kwa Anouar wa Buyenzi, nne, kubwa kubwa. Jenereta nimeifunika shuka kwa sababu petroli haipatikani, na umeme haujafika mtaa wetu, sijui kama utafika nikiwa bado na meno. Kanzu za Idi nimeshapokea ishirini na sita, zote zinataka nakshi shingoni. Kwa mkono peke yake siwezi kuzimaliza. Jua lipo kila siku na halina foleni. Nikasema mwaka huu nitachoka mimi, si mashine.

La usumbufu ni chefu, mkuu wa mtaa wetu. Desemba upepo ulimng'olea jirani yangu Fabiola bati zima pamoja na kipaneli chake, likaenda kuua mbuzi wa watu. Tangu siku hiyo chefu hataki kuona kitu kinapanda juu ya paa bila kibali cha ofisi ya mipango ya mji. Alikuja uani kwangu kofia mkononi, akasema: "Mama, mi siko mubaya. Lakini paneli ine juu ya hii bati? Apana. We ulete kibali, ntakusaidia kuzipandisha mi mwenyewe."

Nimeshachukua fomu. Wanataka namba ya kiwanja, aina ya bati, umri wa mbao za paa, uzito wa paneli, cheti cha fundi, sahihi za majirani wa pande mbili, umbali kutoka mtoni, na mchoro wa nyumba uliopimwa. Mengine nitayapata. Mchoro ndio unanishinda, na Mungu amenipa mdogo ambaye kazi yake ni kuchora ramani katika ofisi hiyo hiyo, hata kama wamekupandisha huko milimani. Mimi dada yako mkubwa nilikufuta makamasi miaka mingi, sasa nichoree nyumba. Nakupa wiki mbili, maana Ramadhani haingoji.

Yaya wako,
Mwanne


Gitega, Ijumaa, 17 Januari 2025

Yaya Mwanne,

Barua yako imefika, Soumaya aliisoma kwa sauti na watoto wakacheka kwa ajili ya yule mbuzi. Tuko salama, ila baridi ya huku inanipata kila asubuhi.

Kuhusu mchoro, naomba usubiri. Mwanzo wa mwaka ofisi ina kazi nyingi na mkuu wangu, Sylvère, anatukalia shingoni. Fomu pia usiijaze kwanza. Nitakuambia wakati wake. Halafu nikuulize, kwa nini paneli nne? Chukua ile taa ndogo ya sola inayotundikwa dirishani, haihitaji kibali cha mtu yeyote. Kanzu unaweza kuwapa mafundi wengine wakusaidie.

Mvua huko vipi? Maji yamefika wapi mwaka huu? Na hujawahi kufikiria kurudi Buyenzi, kwenye kile chumba cha shangazi? Nauliza tu, yaya. Mwanamke peke yake huko mwisho wa mji, mara nyingine nakuwaza.

Mdogo wako,
Atumani


Buterere, Jumatano, 29 Januari 2025

Atumani,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mchoro ndani yake. Nimekuta taa ya dirishani. Mimi ninashona nakshi za kanzu za maharusi na maimamu, wewe unanipa taa ya kutafutia ndala. Na chumba cha shangazi, chenye dirisha linalotazama choo cha gereji? Asante sana. Nilikasirika, nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa Seifu.

Basi mchoro nimeuchora mwenyewe. Futi yangu ya kupimia viuno imepima kuta, Fabiola akishika ncha ile na mimi ncha hii, tunaandika kwa chaki ya kitambaa. Nilichora kwenye karatasi ya kukatia shati, madirisha yote, milango yote, hadi jiko la nyuma. Arnaud, fundi wa sola, alipanda darini akagonga mbao moja moja. Mbili zimeoza, amezibadilisha, halafu akatia sahihi. Majirani nao wametia. Fabiola alipoona mchoro wangu akataka wake, maana naye anataka kurudisha kipaneli chake kwa haki. Nikampimia nyumba yake pia. Kwa nini nisijisifu? Tumekwenda ofisini siku moja, tumevaa vizuri, kila mmoja na faili lake kifuani.

Karani wa pale alitazama mchoro wangu akaugeuza juu chini. "Mama, nani alichora hii?" Nikamwambia ni mimi. Akasema ni safi kuliko ya mainjinia. Halafu akafika kwenye umbali wa mto: "Lakini we uko karibu sana na muto, mama." Nikamjibu: "Muto ndio uko karibu na mi. Mi nilifika kwanza." Watu wote wa kwenye benchi walicheka. Na ni kweli, unakumbuka tulipojenga mto ulikuwa kule kwenye mashamba ya mpunga.

Akanipa risiti yenye muhuri na namba ya faili. Kibali kinatoka baada ya mwezi mmoja, wakija kukagua kwanza. Paneli ziko chumbani, zimeegemea ukuta, nimezifunika shuka la harusi yangu. Kila asubuhi nafunua moja natazama uso wangu.

Sitaki msaada wako tena, nataka tu ufurahi nami.

Mwanne


Gitega, Ijumaa, 31 Januari 2025

Yaya,

Nimekupigia jana mara sita, simu imezimwa. Kwa Bahizire sikutaka kuacha neno. Seifu anateremka sasa hivi, nakuandikia juu ya boneti ya gari lake.

Nakuomba uondoe faili lako. Nenda Jumatatu asubuhi, kabla halijapelekwa kwa wakaguzi. Sababu ni hii: umeandika Mwanne Shakuru, na mimi huku ni Atumani Shakuru. Sylvère ana ugomvi nami. Akiona jina la baba yetu kwenye faili la sola atasema nimempendelea ndugu yangu, na atanifukuza kazi. Nyumba tunayoishi ni ya kazi, unajua. Soumaya na watoto watakwenda wapi?

Ukiulizwa, usinitaje. Sema umebadilisha mawazo. Nitakueleza siku nyingine, na paneli tutazitafutia njia. Naapa sijawahi kukuomba jambo kubwa kama hili.

Atumani


Buterere, Jumatano, 12 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimeliondoa. Nilikwenda Jumatatu ile ile, barua yako ikiwa kwenye mkoba. Kuna daftari kubwa la kufutia mafaili. Unaandika kwa mkono wako: mimi fulani, naondoa faili langu kwa hiari yangu mwenyewe. Kisha sahihi. Yule karani alinitazama sana. "Mama, kuna mutu anakulazimisha?" Nikasema hakuna. "Na muchoro muzuri hivi!" Akanirudishia karatasi zangu zote, risiti akaichana mbele yangu, ndiyo sheria yao. Fabiola alikuwa amenisindikiza. Njia nzima alikuwa ananiuliza sababu na mimi nikimwambia kichwa kinauma. Faili lake yeye ameliacha palepale ofisini.

Anouar alikuja na toroli akazichukua paneli, akazirudisha dukani. Alinihurumia, hakunisema. Kanzu kumi na moja nitazimaliza kwa mkono, kumi na tano nimewarudishia wenyewe nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilitoa sababu tofauti, hadi nikachanganya. Mzee mmoja aliniambia ameniletea kanzu tangu enzi za mume wangu, na leo namwangusha. Nililia njiani, Atumani, peupe, mchana kweupe, na si tabia yangu.

Sasa siku tatu kwa wiki natembea hadi Buyenzi kushona kwenye mashine ya Cirimwami, fundi mwenzangu, umeme ukiwepo. Ukikatika tunakaa tunatazamana. Narudi miguu imevimba.

Sikulaumu. Kazi yako ni chakula cha wale watoto, na mimi ndiye niliyekupeleka shule ili uipate. Lakini Sylvère huyo, ikiwa jina la baba yetu linamkera kiasi hicho, nitamweka kwenye dua zangu na hatapenda nitakachoomba.

Mwanne


Gitega, Ijumaa, 28 Februari 2025

Yaya,

Ramadhani njema. Seifu anakuletea tende, sukari na kile kitenge ambacho Soumaya alikuchagulia. Watoto wanauliza utakuja lini.

Nilianza barua nyingine, ndefu, nikaichana. Nitaandika baada ya Idi, nikiwa na nafasi. Usitembee Buyenzi ukiwa na saumu, jua ni kali. Na mvua ikizidi usilale hapo, nenda kwa shangazi hata siku mbili. Tafadhali.

Nisamehe kwa yote ninayokusumbua.

Atumani


Buterere, Jumatano, 9 Aprili 2025

Mdogo wangu Atumani,

Idi imepita, nami sikukuandikia, kwa sababu Seifu alikosa mafuta majuma manne, halafu nikakosa maneno.

Wiki iliyopita walikuja watu wa ofisi yenu na ndoo ya rangi nyekundu. Walipita nyumba moja moja kuanzia mtoni, wakipiga msalaba ukutani. Wangu wameupiga kati ya dirisha na mlango, rangi imetiririka hadi chini. Nyumba thelathini na kitu, mstari mzima. Wanasema ni eneo la maji, kuna ramani imetoka, hakuna anayeruhusiwa kuishi ndani ya mstari. Mashine ya kubomoa inakuja Jumatatu ya tarehe tano Mei.

Kulikuwa na binti mmoja, Christa, mwenye adabu, ameshika kompyuta ya mkononi. Aliniuliza: "Mama, numero ya dosye yako?" Nikamuuliza dosye gani. Akasema yoyote, kibali cha kujenga, cha choo, cha sola, chochote kilichokuwa wazi ofisini hadi katikati ya Machi. Mwenye faili anahesabiwa kuwa mkazi anayejulikana, na anapewa kiwanja Gasenyi. Asiye na faili anapewa karatasi ya kuhama tu.

Fabiola alitoa namba yake palepale. Amepata kiwanja, Atumani. Kwa mchoro wangu, kwa futi yangu. Alipiga kelele ya furaha, akageuka kuniangalia, halafu akaingia ndani kwake. Tangu siku hiyo ananiletea ugali kila jioni na hatuongei.

Christa alitafuta jina langu akaliona kwenye lile daftari. "Mama, hapa imeandikwa uliondoa mwenyewe, kwa hiari yako. Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Jina lako sikulitaja. Nilitaka kulitaja, nakuambia ukweli, lilifika hapa kwenye ulimi. Nikawaona watoto wako.

Sasa nakuuliza wewe uliye ndani ya ofisi. Je, faili lililoondolewa linaweza kurudishwa? Kuna mlango wowote? Uliza kwa siri, usije ukamwamsha Sylvère. Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu, tofali kwa tofali, nami sina pengine. Nina siku ishirini na sita.

Yaya wako,
Mwanne


Gitega, Ijumaa, 11 Aprili 2025

Yaya Mwanne,

Nimemwomba Seifu anisubiri, ameegesha mbele ya ofisi. Nitaandika yote bila kuchana.

Sylvère hana ugomvi nami. Ni mtu mpole. Hajui hata una jina gani. Ile ya kufukuzwa kazi niliitunga usiku nilipopata barua yako, nikijua kuwa ndiyo pekee itakayokufanya utii.

Ile ramani niliichora mimi. Novemba walinipa picha iliyopigwa kutoka juu na vipimo vya mafuriko ya miaka minne, wakaniambia nipitishe mstari. Ulipofika kwenu nilikaa kiti kikanishika. Nililijua paa lako kwa yale mabati mawili ya kijani tuliyopigilia pamoja na shemeji. Niliusogeza mstari, yaya. Siku mbili nyumba yako ilikuwa nje. Siku ya tatu nikaurudisha, kwa sababu vipimo ni vya kweli na maji yatakufikia, mwaka huu au mwaka kesho, na sikutaka kukuhifadhi kwenye ramani halafu nikuzike. Kwa mstari sioni haya. Naona haya kwa kunyamaza. Tuliambiwa ni siri hadi itangazwe, nami nikajificha nyuma ya neno hilo.

Ulipotaka mchoro niliogopa. Ulipopeleka faili nilipata wazimu. Nilifikiri faili ndilo litawaleta mlangoni kwako: wakaguzi watakuja kuona paneli, wataona mto, wataanza na wewe. Nilifikiri nyumba isiyo na karatasi itasahauliwa hadi mwisho, na ndani ya muda huo nitakutafutia mahali. Ndivyo tulivyozoea kuona, anayejionyesha ofisini ndiye anayeguswa. Habari ya viwanja vya Gasenyi ililetwa kwenye mkutano tarehe ishirini na moja Machi, siku orodha ilipokwisha kufungwa. Halafu nikakaa wiki tatu bila kukuambia, nikingoja wewe uandike kwanza. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Uliuliza kama kuna mlango. Upo mmoja. Kwenye bahasha hii kuna karatasi ya pili, imeandikwa kwa mkono wangu, ina sahihi na namba yangu ya kazi. Inasema kwamba mimi, mtumishi wa ofisi, nikiijua ramani kabla ya kutangazwa, nilimdanganya raia ili aondoe faili lake, kwa hiyo hiari iliyoandikwa kwenye daftari haikuwa hiari. Ukiipeleka kwa Christa watalazimika kulifungua faili upya na kulitazama. Sijui kama watakupa kiwanja. Najua watakachonifanyia mimi. Soumaya sijamwambia.

Ipeleke au ichane. Utakaloamua ni sawa kwangu.

Atumani


Buterere, Jumatano, 23 Aprili 2025

Atumani,

Nilikaa na karatasi yako siku kumi na moja. Siku ya kwanza sikuweza kula hata kile chakula cha Fabiola. Nilimwombea mabaya Sylvère mwezi mzima wa Ramadhani, mtu asiyenijua, nikiwa na saumu. Hilo nalo umenibebesha.

Umeniambia maji yatafika. Nani alikuambia siyajui maji haya? Mwaka juzi nililala juu ya meza ya kukatia, mashine nimeifunga kwa kamba kwenye boriti, nasikia vyura chumbani. Ungeniambia mwezi wa kumi na moja: yaya, mstari umepita kwako, na mimi ndiye nimeuchora. Ningelia siku moja. Kesho yake ningekwenda ofisini kuuliza wenye nyumba za mstarini wanafanyiwa nini, na ningekaa kwenye lile benchi hadi wanijibu, maana unanijua. Umeniona kama mtoto wa kufichwa, mimi niliyekufundisha kufunga viatu.

Halafu umenitumia karatasi na kuniambia nipeleke au nichane, lolote ni sawa. Si sawa. Nilipoondoa faili niliamua bila kujua kitu. Mara hii nimejua kila kitu, nikaamua.

Nimeipeleka leo asubuhi.

Christa aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. "Mama, huyu ni nani yako?" Nikasema ni mdogo wangu. "Na unajua hii karatasi itamufanya nini?" Nikasema najua. Aliniuliza kama nina hakika, mara mbili. Akapiga muhuri, akanipa risiti. Jibu linatoka baada ya siku thelathini. Mashine inakuja baada ya siku kumi na mbili. Nilimwomba waisimamishe kwa nyumba yangu tu, akasema yeye hana uwezo huo, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kwa hiyo nyumba itaondoka kabla ya jibu. Mabati ni mazima na mbao za Arnaud ni mpya, siwaachii wenye mashine wazivunje. Nataka kuliezua paa mwenyewe, bati moja moja, na misumari niinyooshe. Siwezi peke yangu, na sitaki kumlipa mtu anivulie nyumba ya mume wangu. Mwambie Soumaya ukweli wote kesho, mwambie kabla ofisi haijamwambia, na mwambie aliyepeleka karatasi ni mimi. Akinichukia ana haki yake.

Nina hasira nawe ambayo haitaisha mwaka huu. Sitaki maelezo mengine wala tende. Seifu anateremka Ijumaa. Usimpe barua. Panda wewe.

Mwanne